Mkebe wa Mtoto wa Jirani

Jael alitoka kwake Sarang'ombe, Kibera, na hasira, akapita kituo cha Satellite hasira imeongezeka, na alipofika Kawangware kwenye ofisi ya watu wa utafiti wa magonjwa ya watoto, hasira ilikuwa imemtangulia mlangoni. Mgongoni alikuwa na mjukuu wake Mitchelle, miaka mitatu, mwepesi kama mfuko mtupu. Tumbo la mtoto lilikuwa likiendesha tangu kabla ya Pasaka. Dawa ya minyoo alimeza, haikufua dafu.

Watu hao walimtoa damu mara mbili, Machi na Juni, na Juni wakachukua na mkebe wa choo. Watoto waliopatikana na vijidudu walipewa dawa bure. Mitchelle alipewa barua tu: hana kitu.

"Keti kwa benchi, shosho," alisema Muia, kijana wa ofisi, macho kwa kompyuta.

"Shosho? Nyanya yako yuko Machakos anangoja sukari. Mimi ni Jael. Soma damu ya huyu mtoto."

Muia akasoma, akarudia, akajikuna kidevu. "Kingamwili za kijidudu kinaitwa giardia ziko juu. Machi zilikuwa juu, Juni zimepanda zaidi. Kingamwili ni kama askari. Mwili huwatengeneza adui akiingia."

"Kwa hivyo adui yuko."

"Ama alikuwa, akaenda. Askari hubaki hata vita ikiisha. Ndiyo maana tunaangalia choo. Na choo ya Mitchelle ilikuwa safi. Safi sana!"

Uso ukamchoma Jael. Ingekosaje kuwa safi, na aliichagua mwenyewe? Asubuhi ya kupeleka mkebe, Mitchelle alitoa maji ya kijani yanayonuka kama yai viza. Mama yake alikuwa ameenda mtaa wa Ayany kufua nguo za watu, na Jael hakuwa tayari wageni wabebe aibu ile kutoka nyumbani mwake. Bwana afya akija, si watu hufagia mlango kwanza? Basi akaenda kwa jirani yake Nthenya, ambaye mtoto wake huenda haja kwa saa kama kengele ya shule, akaazima kijiko kimoja cha choo chake, akakitia mkebeni, akabandika jina la Mitchelle. Alidhani mkebe ni ukaguzi wa usafi. Ugonjwa, alidhani, husomwa kwa damu.

Akinyamaza, mtoto anarudi nyumbani na barua yake nzuri na tumbo lake bovu. Akisema, huenda wakamfuta kwenye daftari.

"Haikuwa yake," alisema.

"Ati?"

"Nimesema mavi hayakuwa yake! Ni ya mtoto wa Nthenya! Nilileta yenye sura nzuri!"

Mtu akacheka kwenye benchi. "Cheka," Jael akamgeukia, "meno yapigwe na hewa."

"Shosho, umeharibu kazi ya miezi mitatu!"

"Na wewe? Damu imekupigia kelele mara mbili, choo kikakataa, na hukuinuka kuja kuuliza. Hata kama mtoto anahara hukuuliza! Mimi nilifika darasa la sita, ujinga wangu unajulikana ulikotoka. Wewe umesoma ukamaliza. Wako ulinunua wapi? Lete mkebe."

Akamfungua mtoto, akamchuchumaza papo hapo kando ya meza. Mitchelle hakuhitaji kubembelezwa. Harufu ilimtoa nje hata mlinzi. Jael akafunika mkebe, akausukuma hadi chini ya pua ya Muia.

"Hii ndiyo yake. Kaitazame."

Saa moja baadaye, Muia alitoka chumba cha hadubini ameinamisha kichwa. Giardia walikuwa wamejaa tele. Alileta chupa ya dawa na kijiko. Mitchelle akatema nusu kwenye shati la Muia, na nyanya yake akambana mashavu. "Meza, mama. Meza."

Asante hakusema. Nusu ya hasira alimwachia Muia. Nusu nyingine, nzito zaidi, ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo angerudi nayo Kibera.

Alikuwa akimfunga mtoto mgongoni kwa leso, mwanamke mmoja alipoinuka kwenye benchi, barua yake ameikunja mkononi.

"Kaka," alimwambia Muia kwa sauti ya chini, "na mimi nipe mkebe mwingine."

Kisha akainuka wa pili.