Mikono ya Baba Mkwe

Yule mzee, jamani, mikono yake haikujua kutulia. Alitengeneza saa maisha yake yote, na macho yalipomtupa mkono akafunga kibanda, akahamia kwa mwanawe na kuanza kufungua kila kilichofungwa: redio, pasi, kitasa cha choo. Mke wa mwanawe, msusi mwenye saluni ndogo mtaa wa pili, aliyameza yote hayo. Kitasa ni kitasa. Lakini kuku!

Kuku huyo alitoka kwa mama yake msusi. Mama alipofariki, ugonjwa wa kideri ulipita bandani ukafagia kuku wake wote, akabaki huyu mmoja mwekundu, na umri umemwendea. Sasa alikuwa ameatamia kwenye beseni kuukuu ndani ya stoo, na kila aliyemwona alisema hapo ndipo mwisho wake. Asipoangua safari hii, mbegu ya mama imekwisha. Msusi aliwaza hilo hata akiwa na kichwa cha mteja magotini.

Kuku anayeatamia hataki mengi. Anataka giza, utulivu, maji ya karibu na punje za mahindi akishuka kujinyoosha. Mzee alielezwa hayo kwa adabu zote, akaitikia, "Nimekuelewa, mama," na msusi alipokata kona tu, huyo, stooni. Alimwinua kuku aone chini kuna nini. Aliyamulika mayai kwa tochi na kuyatikisa sikioni kama saa zilizosimama. Akaona stoo ina giza mno, akafungua dirisha. Akaona kuku ni mpweke, akamwekea redio, tena ya taarifa ya habari. Kuku alimdonoa mikono ikajaa alama, na jioni mzee alizionyesha kwa majivuno.

Sasa baba mkwe utamwambia nini? Huwezi kumfokea mtu aliyekuzalia mume. Msusi alimtupia mafumbo, mzee akajifanya hamnazo. Msusi akafunga stoo kwa kufuli. Kufuli, kwa fundi saa! Alilifungua kwa kibanio cha nywele, na kibanio chenyewe ni cha msusi. Akampigia simu mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini. Mume akacheka, akamwambia amvumilie mzee. Kicheko kile kilimchoma kuliko yote.

Siku moja alirudi mchana akamkuta kuku uani, ameloa chapachapa, hataki hata kuusogelea mlango wa stoo. Mzee alikuwa amemwogesha, eti anaona joto. Msusi akamkamata akamrudisha, kuku akaruka. Akamrudisha tena na kumfunika kwa tenga, kuku akapiga mabawa hadi yai moja likapasuka. Ndani yake mlikuwa na kifaranga kamili, na vidole vyake. Hapo yakamfika shingoni. Akamtolea mzee uvivu mbele ya majirani waliokuwa wakianika nguo.

"Baba, hiki ndicho kilichokuwa kimebaki cha mama yangu. Umekimaliza."

Msusi akaenda bafuni akajimwagia maji usoni, akalia kwa hasira, halafu kwa aibu, halafu kwa hasira tena, maana hata haki yake ya kukasirika ilikuwa imeingia mchanga.

Asubuhi mzee hakutoka kunywa chai. Kasusa, msusi akajisemea, na asuse. Akaenda stoo kuyatupa mayai, hakuyakuta. Haya, kayapeleka wapi tena? Akaugonga mlango wa mzee kwa kiganja kizima, akaingia kabla hata hajaitikiwa hodi.

Mzee alikuwa amelala chali, blanketi mpaka kidevuni, jasho likimtiririka. Kumbe aliyachukua mayai jana ile ile, wakati msusi yuko bafuni, akayapanga tumboni na makwapani, akayafunga kwa fulana. Usiku kucha hakujigeuza. Aliomba uji, na aliomba alishwe, kwa kuwa hawezi kuinuka.

Msusi alipapasa chini ya blanketi. Mayai yalikuwa na joto, lakini kama yana uhai, nani ajuaye? Hasira haikumtoka hata kidogo. Alimlisha uji kwa hasira hiyo hiyo, kijiko kikigonga meno ya mzee.

Bakuli lilipokwisha, mzee akauliza taratibu, "Mama yako alikuwa akiwaitaje?"

"Akiwaita kina nani?"

"Kuku wake. Hawa wakitoka, waikute sauti yao. Mimi sijui kuita kuku."

Tangu mazishi msusi hakuwahi kuita kwa sauti ile. Alikuwa akimmwagia kuku punje kimyakimya na kuondoka. Sasa akafungua mdomo, ikatoka pumzi tu. Akajikaza, akainamia blanketi, akaita tena, na safari hii ikatoka yenyewe, ile ile ya mama yake, ulimi ukigonga kaakaa na mwisho ukipanda juu. Akashtuka kuisikia ikitoka kwake.

Mzee hakusogeza hata kidole.

"Rudia, mama," akasema. "Hawa wa kwapa la kushoto hawajasikia."