Kidonge cha Sefako

Tangu mume wangu Modiri afe nimekaa juu ya godoro sakafuni, blanketi mabegani, mgongo ukutani. Hapa kijijini Mochudi mjane hatoki chumbani mpaka mume azikwe, na mawifi zangu walihakikisha sitoki. Godoro langu, mlango wao.

Jumatano, vijana waliokuwa wakisimika hema uani walimwangushia nguzo Sefako, paka wa Modiri. Alikuja akichechemea, akajikunja nyuma ya mgongo wangu. Hakulia. Paka haumwi kwa kelele. Aliacha kujilamba, akafumba macho nusu, akawa anakoroma tu.

"Mwone, raha mustarehe!" alisema Gaone, dada mkubwa wa Modiri.

"Anaumwa, wifi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo."

"Nani aache msiba akabebe paka? Tuchekwe?" Akashusha sauti. "Mdogo wangu hujamtolea hata chozi, unahangaikia paka?"

Maneno hayo yalikuwa yakizunguka jikoni tangu mwanzo: mjane macho makavu. Hata mimi nilijichukia, maana chozi lilikataa kutoka.

"Basi nitampa robo ya kidonge changu cha kichwa," akasema.

"Usithubutu! Dawa ya watu inaua paka. Wetu wa kwanza alikufa hivyo hivyo, daktari akatuambia."

"Haya, mama daktari." Akacheka, akatoka.

Ijumaa wanawake walinipeleka kuniogesha kabla jeneza halijaletwa. Niliporudi, Sefako alikuwa kwenye godoro, mdomo wazi, akihema kwa shida. Ufizi wake umekuwa rangi ya matope.

"Nimemwonea huruma," alisema Gaone, na kweli huruma ilikuwa machoni mwake. "Nimemsukumia kidonge kooni asubuhi, ulipokuwa umesinzia. Ona alivyotulia."

"Umemuua!" Nikainuka. "Akiwahishwa kwa daktari atapona. Nipisheni!"

Shangazi wawili wakanishika mabega, wakanikalisha. "Tulia, mwanangu. Mumeo anaingia."

Nje gari la jeneza lilikuwa likipita getini, nyimbo zimepanda. Sefako alijinyoosha kwenye paja langu, akahema mara moja, basi.

Nikapiga yowe. Nililia kwa kwikwi mpaka blanketi likalowa, nikimwita Sefako, nikimwita Modiri, sijui nani nilianza naye.

Gaone alinikumbatia, naye analia. Akawageukia wenzake mlangoni.

"Mungu ashukuriwe," akasema. "Hatimaye anamlilia mumewe."