Seva Kwenye Chumba cha Mama Mkwe

Mashine ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusagia nafaka, na mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, hajavuka kizingiti.

"Nani kaweka hiki kitu chumbani kwangu?"

Fundi wa kompyuta alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, nyaya mkononi. Angepata shimo angejitia. Ofisi nzima ya wachora majengo ilijua kwamba mama huyu, mtunza nyaraka wao, ndiye aliyemzalia fundi mke, na kwamba ndoa ile haijawahi kumshuka mama kooni.

"Shikamoo, mama. Ni seva ya kujaribia tu. Nilimwambia mke wangu akuambie."

"Mimi na wewe tunapanda ngazi moja kila asubuhi, halafu unamtuma mwanangu? Mdomo umeshonwa?"

Ulikuwa umeshonwa kweli. Tangu aoe, kila neno zito kwa mkwe alilipitisha kwa mkewe, akiita heshima kile ambacho nusu yake ilikuwa woga. Safari hii mkewe alisahau.

Meneja alitokea nyuma, anacheka.

"Zoea, mama. Kompyuta zote za ofisi zitahamia ndani ya mashine hiyo kama wapangaji kwenye nyumba moja. Itakaa humu, ndimo mwenye mlango wa chuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Huyu wako kaja mwenyeji augue. Na michoro yangu?"

"Itakwenda stoo."

"Stoo inavuja."

"Basi itajifunza kuogelea."

Wawili hao walikuwa paka na panya tangu mama alipomnyima meneja michoro halisi mbele ya wateja kwa sababu hakuwa na kibali. Meneja hakusahau. Sasa alikuwa amepata fimbo, tena yenye feni.

Mama akamgeukia fundi. "Nasikia ipo nyingine, ya kusimama, isiyopiga kelele. Inakaa hata kona ya mapokezi. Neno lako moja tu kwa mkurugenzi, mkwe, mimi nabaki na chumba changu."

Fundi akainamia nyaya zake. Saa ya chakula alijifungia stoo, akapiga magoti kati ya makopo ya rangi, maji yakimdondokea begani.

Alizijua mashine zote mbili. Ile ya kusimama ilikuwa kimya kama mgonjwa, lakini nafasi zake za memori zilikuwa chache. Wapangaji wote wakiingia, wangelaliana. Tena pawa saplai yake, kifaa cha kuilisha umeme, ilikuwa moja. Ikiungua, ofisi nzima ingekuwa kipofu. Hii ya kelele, ya kulala bapa, ilikuwa na memori ya kutosha na pawa saplai mbili. Moja ikifa, nyingine inabeba.

"Mungu wangu," alinong'ona, "mbona ukweli umeukalisha upande wa mtu mbaya?"

Akainuka, akajifuta magoti, moyo mzito.

Kikaoni, mkurugenzi, mwanamke wa maneno machache, aliuliza tu: "Ipi?"

"Sema, mkwe wa watu," meneja akamchokoza. "Usituletee mambo ya jikoni kwenu."

"Ya kulala," fundi alisema. "Ile nyingine haituwezi."

Meneja akapiga meza kwa furaha. Mama mkwe hakupaza sauti. "Kumbe nilimwozesha binti yangu kwa nyoka."

Maneno yale yalimwingia fundi. Kwa mara ya kwanza akamtazama mkwe wake machoni.

"Sijamaliza, mama. Nimechagua mashine, sikuchagua kukutesa. Bosi, nimetoka stoo sasa hivi, tazama shati langu. Michoro ikiingia kule itaoza. Itafutiwe chumba kikavu kwanza, ndipo seva inunuliwe."

"Chumba gani?" meneja alidakia. "Hakuna."

Mkurugenzi akatazama kuta nne zilizowazunguka. "Hiki."

"Hiki? Vikao tutafanyia wapi?"

"Ofisini kwako. Ni pana."

Meneja akaanza kukusanya karatasi zake.

Alasiri ile fundi alianza kubeba makabati ya michoro, peke yake, kwa amri ya mama mkwe aliyeketi kitini katikati ya njia.

"Taratibu! Hayo si magunia."

"Ndiyo, mama."

"Ile ya kimya ingeungua kweli?"

"Pengine isingeungua. Lakini ikiungua, hakuna wa kutubeba."

"Ungesema inafaa, mimi nisingejua."

"Ningejua mimi. Na Mungu."

"Usinihubirie!" Akauvuta mkoba mapajani. "Chumba changu kilikuwa na dirisha la mashariki. Umenihamishia penye kutazama ukuta. Sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe mwaka huu."

"Nimesikia, mama."

"Na ukiwa na neno na mimi, ulilete mwenyewe. Mwanangu si tarishi wako."

Fundi akaweka kabati chini, akahema. "Basi ninalo moja. Naomba usogeze kiti, mama. Umeziba njia."

Mama mkwe akamtazama bila tabasamu hata la dawa. Kisha akasimama, akasogeza kiti.