Mafuta ya Kupe

Wateja walimwita Daktari Maswali, na jina likamkaa. Ukimpelekea paka mwenye kikohozi, paka haguswi kwanza, unaketishwa wewe. Analala wapi? Analala na nani? Anakula nini, na akikosa anaiba nini? Nani amehama pale nyumbani, nani amezaliwa? Mwanamke mmoja alitoka pale akilalamika kwamba amepeleka mbwa anayejikuna, akaulizwa mpaka mumewe anakoroma vipi. Lakini alirudi, maana mbwa alipona.

Alikuwa amesomea udaktari wa mifugo, sindano anazijua na vidonge anavyo kabatini. Ila aliamini kwamba mnyama hatibiwi kipande kipande. Katika chumba chake cha kazi, nyuma ya nyumba, kulikuwa na meza ya bati, mizani, na rafu zilizojaa majani makavu, mizizi na mafuta aliyoyachanganya mwenyewe. Aliyafuata majira kama mkulima. Kipindi cha baridi ni cha viungo vya mbwa wazee. Kipindi cha joto ni cha maji mengi na nyayo zinazoungua kwenye lami. Mvua zikikatika, ni kupe na viroboto. Kwa kupe alikuwa na mafuta yake ya karafuu, makali, yananukia mpaka barabarani. Kila aliyepewa chupa aliambiwa, akaambiwa tena, kisha akatakiwa aseme kwa mdomo wake mwenyewe: mbwa tu, paka asiguswe. Ini la paka haliwezi kuyavunja mafuta yale. Hubaki mwilini yakimmaliza.

Kila mtu aliambiwa hivyo, isipokuwa baba yake.

Mganga hajigangi, wamesema, na wangeongeza kwamba hata watu wa nyumbani kwao huwaganga shingo upande. Mvua zilipokatika alipita kwa baba mbiombio, gari hata hakulizima, akaiweka chupa dirishani jikoni.

"Ya mbwa wako hiyo, baba. Kupe wanamtafuna. Mpake shingoni na miguuni."

Mzee aliifungua, akainusa, akakunja uso. "Hii si sumu hii?"

"Sumu gani! Vitu vya asili tupu. Hata mtoto akiilamba hapati kitu."

Akacheka, akaondoka. Hakuuliza mbwa analala wapi wala na nani. Mtu aulize habari za nyumba alimozaliwa?

Angeuliza, angekumbuka. Tangu mama afariki, mzee hakuwa na wa kuzungumza naye ila paka mmoja wa kijivu aliyejileta mwenyewe baada ya mazishi na kukataa kuondoka. Alimwita Shangazi, kwa sababu alikagua kila sufuria na kumnunia kila mgeni. Shangazi alilala miguuni pake, na kila taarifa ya habari ikisha alisimuliwa upya, na maoni ya mzee juu yake. Watoto wake walicheka, lakini walijua. Kabla ya paka yule, mzee alikuwa ameanza kula kijiko kimoja na kusukuma sahani, madirisha hafungui, simu hapokei. Daktari Maswali mwenyewe alizoea kusema kwamba hajaona dawa inayomfaa baba yake kama paka yule.

Simu ilikuja asubuhi, akiwa anasafisha masikio ya mbwa wa watu.

"Mwanangu, Shangazi hayuko vizuri. Anatetemeka, mate yanamtoka. Lakini usihangaike, nimeshampaka."

"Umempaka nini, baba?"

"Si yale mafuta yako! Mbwa kupe wamemwisha kabisa. Nikaona na huyu anajikuna, nikampaka. Jana akaanza kuyumba, nikamwongezea. Na leo tena, alipoamka."

Mzee alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Cherehani ikikwaruza, tia mafuta. Ikiendelea kukwaruza, ongeza. Hajapata kuharibu kitu kwa kukizidishia mafuta.

"Muoshe sasa hivi, baba. Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, mpaka harufu iishe."

"Mgonjwa anatetemeka hivi, nimwogeshe? Wewe njoo tu."

Akaja. Mwenye mbwa aliachwa ameduwaa, sikio moja safi na moja bado.

Alimkuta Shangazi amefungwa ndani ya sweta la marehemu, manyoya yamegandana, karafuu imejaa nyumba nzima. Alimtia kwenye sinki, akamsugua, akamsuuza, akamsugua tena. Paka yule, ambaye ukimwonyesha maji tu anakuachia alama, aliogeshwa kimya. Hapo ndipo daktari alipoogopa kweli. Alimtia maji chini ya ngozi kwa sindano, akamzungushia chupa za maji ya moto, na degedege lilipoanza akamchoma dawa ya kulituliza. Akampigia mwenzake waliyesoma naye, mwenye hospitali kubwa ya wanyama. Mwenzake alimsikiliza, kisha akavuta pumzi. "Umeshafanya yote ambayo ningefanya mimi. Kumsafirisha ni kumtesa. Limebaki ini lake."

"Amekula nini?" baba aliuliza. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, taulo mikononi.

"Kuna sumu imemwingia."

"Sumu gani?"

"Tumwangalie kwanza, baba."

Hakusema uongo. Lakini alijua alichokuwa anakifanya, na alijichukia.

Mzee aliinamia sikio la paka. "Shangazi, usinifanyie hivyo. Ukiondoka wewe, nani atanuna humu ndani?" Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Jua lilipopita utosini, Shangazi alijinyoosha, akatetemeka mara ya mwisho, akatulia.

Mzee alimfunika sweta. Akainuka, akavuta viatu vyake mlangoni.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwa jirani. Alisema atatega sumu ya panya. Nikamwambia nina paka. Nilimwambia, kwa mdomo huu! Leo atanieleza."

Angeweza kumwacha aende. Jirani yule alikuwa mkorofi, mtaa mzima hawampendi. Wangetukanana, mwisho wangeamuliwa. Na baba angepata mtu wa kumchukia, jambo ambalo humpa mfiwa nguvu ya kuamka asubuhi. Alimwacha afunge kamba za kiatu kimoja. Alipochukua cha pili, akasema.

"Si jirani, baba. Ni yale mafuta. Paka hapakwi yale. Ilinipasa nikwambie, sikukwambia. Kosa ni langu, si lako."

Mzee hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Kwa hiyo jana, alivyoyumba, nikamwongezea..."

"Hukujua, baba."

"Na leo alinikimbia. Aliingia chini ya kitanda, nikamvuta kwa mguu. Nikamwambia vumilia, hii dawa ya mwanangu."

"Baba, tafadhali."

Daktari alikuwa analia sasa, waziwazi, kama alivyolia utotoni jikoni mle mle. Alitamani atukanwe. Alitamani hata kofi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, akitazama ukutani.

"Na ile chai ya mama yako?"

"Chai gani?"

"Ya majani. Uliyokuwa unaniletea nimpe kila asubuhi, hospitali waliporudisha mgonjwa nyumbani. Mwishoni alikuwa haitaki. Alikuwa anafunga mdomo. Nilikuwa namshika kidevu."

"Mama alikuwa na saratani, baba. Ilikuwa imeshaenea, hata madaktari walituambia wote tukiwa pale..."

"Sikukuuliza alikuwa na nini. Nimekuuliza, ndani ya ile chai kulikuwa na nini?"

Akamwambia. Tangawizi, ya kichefuchefu. Mchaichai, wa usingizi. Mdalasini kidogo, kwa sababu mama alipenda harufu yake. Kila alipotaja kimoja, mzee aliuliza, "Hicho hakidhuru?" naye akajibu, "Hakidhuru, baba," na ilikuwa kweli tupu.

Alipomaliza, baba yake alimwambia aanze tena mwanzo.