Zamu ya Pili ya Ekwam

Saa kumi na moja jioni king'ora cha tanuri la taka la Lodwar kililia, na Akal akateleka chai ya rangi ya watu wawili. Kabla haijachemka, moshi ulishuka kutoka kwenye bomba la tanuri, ukafuata njia ya mtoni, ukapita uani kwa jirani yake, mama Ekeno, ukaingia mlangoni. Akal akasogeza mtungi wa maji usigongwe. Moshi ukajikusanya, ukawa mumewe, Ekwam, aliyefariki Oktoba iliyopita.

"Ejok," akasalimu Ekwam, akakohoa.

"Ejok. Umechelewa."

"Lori la Kakuma limeleta plastiki nyingi."

Alipokuwa hai alichochea tanuri hilo miaka sita, kwa koleo, bila kinyago, ili ofisi za mji na friji ya dawa zipate umeme. Alipougua, kitabu cha kazi kiliandika kwamba ameshikwa na vumbi la kiangazi. Alipokufa, msimamizi aliyetoka Kitale alikusanya vitu vyake, akakitupa motoni hata kigoda chake, kile ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku. Alidhani ni kipande cha kuni.

Tangu siku hiyo Ekwam hakuwa na pa kuweka kichwa. Ndugu yake, Ekuru, alimchongea kingine. Ekwam alikigeuzageuza, akakirudisha kwa heshima. "Changu kimo ndani," alisema. Kila asubuhi alirudi tanurini kukitafuta, na kwa kuwa alikuwa pale, alishika koleo.

Aprili 2013 mji uliitisha baraza kuamua kama tanuri lifungwe au liendelee. Akal alivaa shanga zake zote.

"Shemeji," Ekuru alimwambia njiani, "wakilifunga, hutamwona tena."

"Nimemwona vya kutosha. Nataka alale."

Lomenen, mwenyekiti wa kamati ya tanuri, alisoma ripoti ya Kiingereza kwa nusu saa. Kisha akasimama Chol, mkimbizi wa Sudan Kusini, mwenye lori lililoleta taka kutoka kambini Kakuma.

"Mimi hapana taka tanuri ifungwe," alisema. "Kule kambi taka iko mingi sana. Lakini ule mzee Ekwam, mimi naona yeye kila siku. Yeye nachoka."

Akal akainuka. "Mume wangu aliuawa na ule moshi. Liandikeni hilo. Halafu zimeni moto, nichekeche majivu, nipate mabaki ya kigoda chake nikayazike naye. Sina lingine."

Lomenen alifungua kitabu cha mahudhurio. "Mama, hapa Ekwam hajakosa kazi hata siku moja tangu Oktoba. Zamani alikuwa anakosa kila Jumatatu."

Watu walicheka, Akal pia, maana Jumatatu zile alizijua.

"Sasa kama moshi unaua," aliendelea Lomenen, "ni nani huyu anayeweka kidole gumba kila asubuhi?"

Kitabu kilipitishwa mkono kwa mkono. Alama zilikuwa za majivu, na mama Ekeno aliutambua mkato wa kovu la kidole gumba cha Ekwam. Hakuna aliyebisha. Tena friji ya dawa ilihitaji umeme kweli. Walipiga kura kwa mikono, na mikono ya kuliacha tanuri liwake ilikuwa mingi. Karani aliandika kwamba wafanyakazi wana afya njema.

Jioni moshi ulishuka kama kawaida.

"Wamesemaje?" aliuliza Ekwam.

"Wamekusifu."

"Na kigoda?"

"Hawakukiandika. Mji umekua, umeme hautoshi. Wamekuongezea zamu ya pili, kuanzia leo saa moja."

Ekwam alimaliza chai yake polepole. Akal akakaa juu ya ngozi, akanyoosha miguu, na Ekwam akalaza kichwa kwenye paja lake. Hakikuwa kizito. Alikohoa kidogo, kisha kikohozi kikatulia, na Akal hakusogea mpaka king'ora kilipolia tena.

Ekwam akainuka, akaenda kazini.

Akal alikung'uta majivu aliyoyaacha mumewe kwenye shuka yake, akayakusanya kwa kiganja, akayatia katika kopo la maziwa ya unga pamoja na ya jana. Likajaa. Akalifunika, akaliweka ukutani karibu na yale mengine matatu, akaenda kuomba kopo tupu kwa mama Ekeno.