Somo la Ardhi Inayoinuka

Mwalimu Theodosia alifundisha somo lile Jumanne, na kufikia Alhamisi nusu ya kijiji ilikuwa imefunga mizigo.

Hakukusudia. Darasa la Saba walikuwa wamefika kwenye barafu katika jiografia, na kitabu kilikuwa na mistari sita tu juu yake, mikavu kama makuti. Basi akakifunga, akawasimulia alichokiona kwa macho yake. Mwaka 1973 alikuwa amepelekwa Ufini, kaskazini kabisa ya Ulaya, kwa mafunzo ya ualimu ya miezi minane. Huko bibi kizee aliyempangisha chumba alimpeleka shambani kumwonyesha banda la mtumbwi. Banda lenyewe lilisimama katikati ya shayiri, na bahari ilikuwa ng'ambo kule, mbali na mashamba.

"Babu yangu alifunga mtumbwi wake hapa hapa mlangoni," bibi alisema.

Bahari haikukauka. Ardhi ndiyo iliyoinuka. Hapo kale nchi ile ililaliwa na barafu nene kuliko kimo cha milima ya Uha, ikadidimia kwa uzito. Barafu ikayeyuka, na ardhi, iliyotuliwa mzigo, ikaanza kunyanyuka. Mpaka leo inanyanyuka. Mtu akiishi huko hadi uzee, anaiacha imepanda kiasi cha kimo cha meza.

Watoto walilipenda somo. Wakaenda nalo nyumbani, na huko nyumbani likageuka.

Kijiji kilikuwa kipya, kando ya barabara karibu na Makere, hakijatimiza hata miaka miwili. Mwaka 1974 watu wa operesheni ya vijiji walipita vilimani na malori, wakaezua nyumba, wakawashusha watu pamoja na mbuzi na kuku wao, wakawapanga kwenye mistari iliyonyooka. Tangu siku hiyo hakuna aliyetulia. Waliishi mguu ndani mguu nje. Hawakupanda kahawa wala migomba. Walipanda maharage na mahindi, vitu vya kuvuna upesi. Lori likisikika linapanda mlima, mazungumzo yalikatika mpaka lipite.

Kwa hiyo mtoto aliposema, "Mwalimu anasema ardhi inahama," mama yake hakusikia habari za Ufini. Alisikia kwamba watahamishwa tena.

Alhamisi jioni, akitoka shule, Theodosia alimkuta jirani yake Niyonsaba anafunga masufuria ndani ya mkeka. Niyonsaba alikuwa amevuka mpaka wa Manyovu mwaka 1972, akikimbia mauaji ya Burundi na mtoto wake Uwimana mgongoni. Hapa palikuwa makazi yake ya tatu.

"Unakwenda wapi, mama Uwimana?"

"Sijui. Ila safari hii hawatanikuta nimekaa."

"Hakuna anayehamishwa. Nilikuwa nawafundisha watoto habari za nchi ya mbali."

Niyonsaba akakaza kamba kwa meno. "Hata kule Burundi walituambia hakuna kitu. Asubuhi yake tukakimbia."

Theodosia hakufika kwake kabla ya kukutana na Kipriani, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mpole, lakini jioni ile jasho lilimtiririka.

"Mwalimu, umeniwashia moto. Jumamosi nimeitisha mkutano, na katibu kutoka wilayani atakuja. Utasimama, utasema ulikosea, ardhi haiendi popote. Basi, tumemaliza."

"Lakini sikukosea, Mwenyekiti."

"Sikukuuliza kama ulikosea." Akashusha sauti. "Na mzee wako umemwona? Amepanda mlimani tangu alfajiri na panga na mbuzi. Familia nne zimemfuata. Katibu akikuta nyumba tano tupu, mimi nitasema nini?"

Ijumaa, kengele ya mwisho ilipolia, Theodosia alishika njia ya mlimani. Alipanda kwa hasira, saa mbili nzima, khanga imefungwa kiunoni. Alimkuta baba yake, Makarius, yuko juu ya miti ya paa pale pale palipokuwa nyumba yao, anafunga fito kwa kamba za mgomba. Migomba ilikuwa imesongwa na magugu, lakini mikungu mitatu ilikuwa inakaribia kuiva.

"Data," alimwita baba kwa Kiha, "shuka."

"Nipe kamba ile kwanza."

Akampa. Mzee akafunga fundo, akalijaribu, ndipo akauliza, "Ni kweli ulichowaambia watoto?"

Akamweleza yote: barafu, uzito, banda katikati ya shayiri. Makarius alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kumbe haituhusu sisi?"

"Haituhusu kabisa. Hapa barafu haijawahi kulala. Watu wameogopa bure."

"Basi usiwaambie mapema. Ningependa kumaliza paa."

"Kwa hiyo wewe hukuogopa?"

"Niogope nini? Mwaka mzima nilikuwa natafuta sababu, nikakosa. Wewe umeniletea." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Kule chini silali, mwanangu. Nalala na viatu miguuni. Mtu wa umri wangu."

"Watakuja kukushusha tena."

"Waje."

Aliteremka peke yake jua likiwa linazama, na njia nzima hakujua amkasirikie nani.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Wengine walikuja na mizigo kabisa, wakaikalia. Katibu alikuja na gari la wilaya, suruali imepigwa pasi, akaketi kwenye kiti cha mwalimu. Kipriani akamwita Theodosia mbele, macho yakimsihi.

Theodosia alikuwa amepita asubuhi kwa Asia, mke wa Abbasi mwenye duka, anayechoma maandazi barazani kwao. Alikuwa amemwomba donge la unga uliotiwa hamira, lililokwisha kuumuka. Sasa akaliweka mezani kwenye sinia, akatua jiwe zito juu yake. Jiwe likazama. Akina mama wa mbele wakanyoosha shingo.

"Jiwe hili ni barafu," alisema. "Unga ni ardhi ya huko. Tazameni." Akaliondoa. Shimo likabaki, na taratibu, mbele ya macho yao, likaanza kujijaza. "Barafu iliondoka zamani kabla ya mababu wa mababu zetu, na ardhi ile bado inapanda namna hii. Hiyo ndiyo habari yote. Ni ya Ufini. Hapa hapakuwa na jiwe."

Watu wakaguna kwa nafuu, mmoja akacheka. Kipriani akaanza kuinuka afunge mkutano. Lakini Niyonsaba alikuwa amesogea karibu na sinia.

"Mwalimu, jiwe lilipozama, unga ulivimba pembeni. Nimeuona. Na ulipoliondoa, pembeni pameshuka. Huko pembeni hakuna watu?"

Theodosia hakulitegemea swali hilo. Angeweza kusema hakuna. Alimtazama Kipriani, akautazama mzigo wa Niyonsaba.

"Wapo," alisema. "Nchi zilizo kusini ya barafu ile zinashuka. Wa katikati wakiinuka, wa pembeni wanadidimia."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna. Waliona wenyewe, maji yanakuja."

Uwanja ukachafuka. Kila mtu alisema lake. Katibu akagonga meza. "Mwalimu! Jibu swali moja. Hapa kwetu ardhi inatembea au haitembei?"

"Inatembea, ndugu Katibu. Ziwa Tanganyika lenyewe ni ufa, na ufa ule unapanuka, polepole kuliko ukucha unavyoota. Ardhi haijakaa kimya popote." Akavuta pumzi. "Lakini ardhi haileti malori. Malori huletwa na watu. Hawa wanataka kujua kama yatakuja tena, na hilo silijui mimi. Unalijua wewe."

Watu mia tatu wakageuza macho kutoka kwa mwalimu hadi kwenye kiti chake. Katibu alitoa leso, akafuta shingo.

"Hakuna mpango wa kuwahamisha," alisema hatimaye.

"Andika," alisema Niyonsaba.

"Nini?"

"Uandike. Na jina lako."

Sauti nyingine zikadaka: andika, andika. Kipriani aliinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa. Katibu alitazama gari lake, akatazama watu waliolizunguka, kisha akaomba karatasi. Theodosia akachana ukurasa wa daftari lake. Mistari miwili na sahihi. Niyonsaba, asiyejua kusoma, aliishika karatasi ile kwa mikono miwili na kumpa Theodosia aisome kwa sauti, mara mbili.

Jioni ile mizigo mingi ilifunguliwa. Niyonsaba alitoa sufuria moja na chungu. Vingine akaviacha ndani ya mkeka.

Barua ya uhamisho wa Theodosia ilifika baada ya wiki mbili. Ilisema anahitajika Kibondo, mara moja, kwa sababu ya upungufu wa walimu. Kipriani ndiye aliyembebea sanduku hadi barabarani. Lori lilipotokea, akasema, "Mimi nisingethubutu," akaondoka haraka.

Familia nne zilishushwa kutoka mlimani mwezi uliofuata. Makarius alishushwa nazo, akapanda tena. Akashushwa, akapanda. Mara ya tatu mgambo walichoka, au waliona haya, hakuna aliyekwenda.

Habari hizo alizileta mwenyewe Kibondo wakati wa kiangazi, mkungu wa ndizi begani, vumbi la siku mbili za malori usoni. Theodosia alimpikia, akamtandikia kitanda chake, akamwomba akae angalau wiki. Mzee alikaa ukingoni mwa kiti. Kila gari lililopita aligeuza kichwa.

"Hapa si pabaya," alisema. "Umepanda nini?"

"Mchicha."

"Mchicha tu?"

"Wanaweza kunihamisha wakati wowote, Data."

Kulipopambazuka Theodosia alimkuta amekwisha kuvaa, amesimama mlangoni, anasema nyani watamaliza mahindi yake akichelewa. Akamsindikiza hadi stendi. Lori lilipoondoka hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa jirani mwenye migomba akaomba chipukizi, akalibeba kwapani hadi nyuma ya nyumba, akachimba shimo. Kisha akasimama juu yake muda mrefu, jembe mkononi, kengele ya shule ikiita, bila kuamua kama alipande.