Zamu ya Nyumba ya Fulgence

Mimi nina mdomo, nasema mwenyewe kabla hamjanisema nyie. Ni mdomo huuhuu niliomfungulia mdogo wangu Fulgence makaburini, mbele ya watu, nikamwambia kuanzia leo sina ndugu. Walikuwa wamemzika mama saa nne asubuhi. Mimi nikafika saa nane mchana kutoka Nakapanya, nilikokuwa nauza dagaa wa Nyasa, nikakuta udongo mbichi. Masaa manne tu! Alishindwa nini kunisubiri nikamwona mama uso kwa mara ya mwisho?

Fulgence hakunijibu neno. Aliinama, akaondoka. Ikawa hivyo miaka mitatu, na wote tunakaa hapahapa Mshangano, njia moja.

Msidhani sikuumia. Nilimkumbuka mpaka nikawa nashindwa kula. Kila Alhamisi kwenye jumuiya yetu ya kanisa, wakati wa maombi, mimi ndiye wa kwanza: "Tuziombee familia zilizovunjika, Mungu aziunganishe." Wenzangu wanaitikia, "Twakuomba utusikie," huku wanatazamana. Nikitoka hapo nazunguka nyuma ya mashamba ya mahindi nisipite mlangoni kwake. Nilimwachia Mungu kazi yote, hata ya kutembea.

Mwaka huu parokia ikaunganisha jumuiya yetu na ya kwake, maana watu wamepungua. Ikaja Oktoba, mwezi wa rozari. Kwetu sanamu ya Bikira Maria inalala nyumba moja siku moja. Jioni mnaimba, mwenye nyumba anaibeba hadi nyumba inayofuata na kumkabidhi mwenzake mkononi. Nikaangalia orodha: mimi, halafu mama Remmy, halafu Fulgence. Nikashusha pumzi. Mama Remmy katikati, nimepona.

Siku yangu ilipofika, mama Remmy akaitwa msibani Lusewa. Akafunga nyumba, akaondoka na funguo, zamu ikaruka hadi kwa Fulgence.

Mzee Rupert, mwenyekiti wetu, akaja kwangu mapema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa Kunegunda, leo niibebe mimi?"

Aliuliza kwa upole, kwa kunihurumia, na hapo ndipo aliponiudhi. "Mzee, kwani mimi sina mikono? Nitaibeba mwenyewe."

Loo, mdomo wangu! Njiani watu wanaimba, mimi nimeikumbatia sanamu. Nikawa naomba kimoyomoyo: Mungu wangu, akili yangu imefika mwisho. Namtaka mdogo wangu. Fanya wewe, mimi sijui.

Fulgence alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la kanisani, amekonda, shingo imebaki mishipa. Nyuma yake wifi yangu Pamela. Yapo maneno tunayosema pale, wote tunayajua. Nikasema yangu: "Mpokee Mama." Yeye alitakiwa ajibu, "Karibu Mama, nyumbani kwetu." Badala yake aliishika sanamu na mimi sijaiachia, tukabaki hivyo, mikono minne. Wimbo ukafifia.

"Dada," akasema. "Nilimdanganya mama."

"Ulimdanganya nini?"

"Jioni ile ya kabla ya mazishi alikuwa anakuulizia. Kunegunda yuko wapi, Kunegunda yuko wapi. Simu yako haipatikani, sijui hata kama ujumbe ulikufikia. Nikamwambia yuko njiani, mama, anakuja. Akanyamaza, akageukia mlangoni. Alikufa anauangalia mlango. Nimeungama mara mbili na moyo haujatulia. Uliponitukana makaburini nikasema sawa, nastahili."

Miaka mitatu nilidhani ananyamaza kwa dharau! Na mimi kwa hasira zangu sikuwahi kumsimulia mtu yeyote jinsi nilivyosafiri. Wote walijua nilichelewa tu, basi.

"Fulgence," nikasema, na machozi yalikuwa yameshaniponyoka, "hukumdanganya. Biasha, ninayeuza naye dagaa, alinipa ujumbe wako kuwa mama mgonjwa asubuhi ileile, pale Nakapanya, nikapanda basi saa hiyohiyo. Likatuharibikia porini baada ya Tunduru, tukalala hapohapo. Simu haina chaji, namba yako siijui kichwani. Jioni hiyo unayoisema nilikuwa nimekaa kando ya barabara nalia, nataka kufika kwa mama. Nilikuwa njiani, mdogo wangu. Nilikuwa nakuja."

Akakaa chini kizingitini, na Pamela akaiwahi sanamu. Fulgence alilia. Makaburini hakulia vile. Nikakaa naye palepale, nikamshika kichwa, nikamwambia, "Mama alikuamini, na ulichomwambia kilikuwa kweli."

Mzee Rupert akawaashiria watu waingie. Wakapita pembeni yetu mmoja mmoja, wakanyanyua sketi na viatu wasitukanyage, wakaanza rozari ndani bila sisi.